Kulaza Gari Miezi Mingi Ukiwa Dodoma: Mwongozo Kamili, Kuanzia Betri Hadi Panya

Simu ninazopigiwa zinafanana. Mtu alipata nafasi ya masomo, au alihamishiwa mkoa mwingine kwa miezi sita, akaliacha gari bandani kule Ilazo au Nkuhungu. Funguo alimkabidhi mdogo wake na agizo moja: "Uwe unaliwasha kila Jumapili." Anarudi, betri imekufa, breki zimeng'ang'ania, na akifungua eya kondishina inatoka harufu ya mkojo wa panya. Mdogo mtu anaapa kwamba hakukosa Jumapili hata moja. Mimi humwamini. Ni hizo Jumapili zilizochangia kuliua.

Miongozo mingi utakayoikuta mtandaoni imeandikwa kwa watu wa Canada na Ulaya ya kaskazini, ambako gari hulazwa wakati wa baridi kali. Hofu yao ni theluji, chumvi inayomwagwa barabarani na maji kuganda ndani ya injini. Sisi usiku wa Julai huteremka hadi nyuzi 13 hivi, unavaa sweta basi, hakuna kinachoganda. Maadui wa hapa ni vumbi, jua, panya na mchwa, na kuanzia Desemba mpaka Aprili, maji ya mvua. Kazi nyingi zinafanana na zao, lakini baadhi ya ushauri wao ukiufuata hapa unajiharibia.

Mwongozo huu ni wa gari la kawaida la petroli litakalolala kati ya miezi mitatu na mwaka. Dizeli na haibridi (magari ya petroli na umeme) nitavigusa panapohitajika. Kama unaondoka wiki tatu tu, chomoa terminali hasi ya betri, jaza upepo, nenda zako.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Oili mpya na filta yake
- Kulanti halisi ya rejeta, siyo maji ya bomba yaliyotiwa rangi
- Dawa ya kuhifadhi petroli, ukiipata kwenye maduka makubwa ya vipuri
- Spana namba 10 (ndiyo inayofungua terminali za magari mengi ya Kijapani) na multimita (kipima volti) ya bei ya chini
- Chaja ya betri inayojizima ikijaza, au uhakika wa fundi wa kukuchajia
- Kipimo cha upepo
- Mawe au matofali manne ya kuzuia matairi
- Stilwaya ya kusugulia sufuria, na wavu wa waya mgumu wenye matundu madogo
- Mitego ya panya isiyopungua minne
- Mashuka ya pamba yaliyochoka, au kava la gari linalopitisha hewa
- Kadi ngumu, kalamu ya wino mzito na kamba nyekundu

Anza wiki mbili kabla ya safari. Ukianza usiku wa kuamkia siku ya kusafiri utaruka hatua ya panya, na hiyo ndiyo ghali kuliko zote.

## Hatua ya 1: Amua kama gari linalala au linatembea

Mambo ni mawili tu. Ama kuna mtu mwenye leseni atakayelitoa barabarani kila baada ya wiki mbili na kuliendesha nusu saa au zaidi, ama gari linalala fofofo na hakuna anayegusa swichi. Kuliwasha bandani dakika tano ni katikati ya hayo mawili, na hapo katikati ndipo linapoumia.

Sababu ni hizi. Stata inakula umeme mwingi kwa sekunde chache, na alteneta (inayochaji betri) ya gari linalounguruma pale pale hairudishi deni hilo kwa dakika tano. Kila Jumapili betri inabaki pungufu kidogo kuliko Jumapili iliyopita.

La pili watu wengi hawalijui. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban lita moja ya maji, kama mvuke. Ndiyo yale matone unayoyaona asubuhi kwenye ncha ya bomba la moshi. Injini ikipata moto sawasawa barabarani, mvuke unasukumwa nje na unaoingia kwenye oili unakauka. Ikizimwa bado vuguvugu, maji yanabaki ndani ya salensa na kwenye oili, pamoja na petroli kidogo ambayo haikuungua. Fanya hivyo mara ishirini na sita kwa miezi sita, kisha shangaa salensa imeoza kwa ndani.

La tatu linahusu uhai wa watu. Moshi wa gari una kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na ndani ya banda lililofungwa inaua. Nimeshakuta kijana amefunga geti la banda "ili kelele zisiwasumbue majirani" huku gari likiunguruma.

Ukichagua kulaza, mweleze anayebaki mapema, maana mtu mwema atataka kukusaidia kwa kuliwasha. Hatua zinazofuata ni za gari linalolala.

## Hatua ya 2: Chagua mahali

Banda lenye kuta na paa ndilo bora. Likikosekana, upande wa nyumba usiopigwa na jua la mchana, mbali na mti. Watu hupenda kivuli cha mwarobaini, lakini kivuli hicho kinakuja na ndege, na kinyesi cha ndege kikikaa miezi kwenye rangi kinaila.

Angalia sakafu. Kama maji ya mvua hupita hapo, gari likilala kuanzia Novemba litakutana nayo. Mwaga ndoo mbili za maji uone yanaelekea wapi. Kama ni udongo mtupu, tandika nailoni nzito chini ya gari zima kuzuia unyevu usipande, na kata majani kuzunguka banda.

Ondoa vyakula. Hapa nasema kwa uchungu. Nilipoliacha gari langu miezi minne, bandani humo nilikuwa nimeweka magunia manne ya alizeti nikisubiri bei ipande. Niliporudi, boksi la eya klina lilikuwa limejaa maganda ya alizeti mpaka juu, filta imetafunwa ikawa godoro, na waya za sensa mbili zimekatwa. Bei ya alizeti ilipanda kidogo. Bili ya fundi wa umeme ilipanda zaidi. Mahindi, mtama, karanga, alizeti, pumba za kuku: vyote vitoke.

Ondoa pia madumu ya petroli.

Utajua hatua imekamilika pale ambapo unaweza kufagia kona zote nne bila kuhamisha kitu.

## Hatua ya 3: Badilisha oili na kulanti

Oili iliyotumika ina asidi na unyevu uliotokana na kuungua kwa mafuta. Ikiwa gari linatembea kila siku hilo si tatizo, lakini ikikaa palepale miezi sita, asidi ile inakaa juu ya beringi za injini miezi sita. Kwa hiyo unamwaga kabla ya kulaza. Wanaosema "nitabadilisha nikirudi" wanaokoa pesa ileile huku wakiiacha injini kwenye uchafu. Ukishaweka mpya, endesha kama kilomita kumi ili isambae.

Kulanti ni muhimu hapa kwa sababu ya kutu. Wengi tunajaza rejeta maji ya bomba au ya kisima, na maji ya kwetu mengi yana chumvi. Ukitaka ushahidi, tazama ukoko mweupe ndani ya birika lako. Ukoko huohuo unajijenga ndani ya rejeta. Mwaga yote, suuza, weka kulanti iliyokwisha kuchanganywa, au ichanganye na maji yaliyokenekwa (distilled), yale yanayouzwa kwa ajili ya betri. Kumbuka: rejeta haifunguliwi injini ikiwa ya moto.

Kama mafuta ya breki yana zaidi ya miaka miwili, yabadilishe pia, kwa sababu yanafyonza unyevu wa hewani na kuozesha silinda za breki kwa ndani.

## Hatua ya 4: Jaza tangi

Petroli inachacha. Sehemu yake nyepesi, ile inayowasha gari asubuhi, inaruka hewani, na inayobaki inageuka taratibu kuwa ulimbo unaoziba nozeli zinazonyunyizia mafuta ndani ya injini. Ikikaa zaidi ya miezi mitatu bila dawa huanza kuchoka. Ikipita sita, ukifungua tangi unasikia harufu ya rangi ya mbao.

Kwa gari litakalolala hadi miezi sita, jaza tangi hadi pampu ijikate yenyewe mara ya kwanza, hapo hapo acha. Usimwambie kijana wa kituo "ongeza mpaka shingoni", kwa sababu mafuta yanatanuka mchana wa Oktoba na yanahitaji nafasi. Tangi lililojaa lina hewa kidogo, na hewa kidogo ni unyevu kidogo na kutu kidogo. Kama una dawa, iweke kabla ya kujaza, kisha endesha dakika kumi na tano ili ifike hadi kwenye nozeli.

Kwa mwaka mzima bila dawa, mimi binafsi ningeacha robo tangi, nikirudi najaza petroli mpya juu yake. Mafundi wengine watanibishia, wana hoja zao kuhusu pampu ya mafuta. Lakini nimeona tangi zima la petroli mbovu likimwagwa, na haikuwa picha nzuri.

Mwenye dizeli: jaza vilevile, na mwaga maji yaliyotuama chini ya filta kabla ya kulaza. Maji kwenye dizeli huotesha uchafu kama utelezi unaoziba filta.

Kama kifuniko cha tangi hakina kufuli, kitie. Mafuta ya gari lililolala yana wapenzi wengi.

## Hatua ya 5: Osha, kisha ukaushe kwa kuendesha

Osha juu, na zaidi osha chini. Tope lililokwama ndani ya matao ya matairi linashika unyevu kama sifongo. Safisha ndani kabisa: makombo ya biskuti za watoto chini ya kiti yanatosha kumwita panya. Toa maji ya chupa, sabuni, peremende, karatasi, vyote. Paka nta ukiwa nayo.

Usilipeleke gari bandani moja kwa moja kutoka kwenye maji. Endesha nusu saa, ukikanyaga breki taratibu mara kadhaa, ili diski na dramu zikauke. Breki iliyolazwa na maji ndiyo inayoshika kutu na kugandamana. Katika safari hiyo washa eya kondishina dakika kumi, ili mafuta yake yafike kwenye mipira ya mfumo.

## Hatua ya 6: Egesha

Kwanza matairi. Yasome ubavuni: kuna tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka. 2319 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kama matairi yako ni mazee na yameanza nyufa, usitarajie yakusubiri.

Ongeza upepo. Kama kawaida yako ni psi 32, weka 38 hadi 40, bila kuvuka kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Sababu ni kwamba tairi hupoteza upepo kidogo kila mwezi hata likiwa zima, na likilegea sehemu inayokaa chini inabonyea. Ukiendesha baadaye, gari linadunda kama lina tairi la pembe nne.

Wapo wanaopandisha gari kwenye stendi. Kwa mwaka mzima ni wazo zuri, lakini stendi zikae chini ya mikono ya miguu ya gari (vyuma vinavyoshika magurudumu), ili springi zibaki zimebeba uzito. Ukiinua bodi miguu ikaning'inia, bushi (mipira ya maungio ya miguu) zinakaa zimejipinda mwaka mzima. Jeki peke yake haibebi gari kwa muda mrefu. Na ujue kwamba majirani wakiliona gari lako juu ya mawe watasema umefulia. Kwa miezi sita, upepo wa kutosha unakutosha.

Sasa hendibreki: usiivute. Viatu vya breki vikikaa vimebana dramu miezi mitano, vinashikana nayo. Weka gia ya kwanza kwa gari la manyuo, P kwa otomatiki, kisha weka mawe mbele na nyuma ya matairi mawili. Nasema mawe au matofali, siyo vipande vya mbao. Mbao iliyolala chini miezi mitatu hapa Dodoma ni mwaliko kwa mchwa, na ukienda kuiokota unaokota udongo.

Kama hendibreki yako ni ya kubonyeza kitufe, ifungue sasa hivi. Betri ikishatoka hutaweza.

Waipa: zichomoe mipira yake, au weka kitambaa kati ya mpira na kioo. Joto la banda la bati huugandisha mpira kwenye kioo.

Vioo: miongozo ya nje itakuambia uache uwazi kidogo ili gari lipumue. Hapa funga kabisa. Ule upepo wa Julai hadi Oktoba utapitisha vumbi kwenye uwazi wa kidole, na ukirudi utaweza kupanda mchicha kwenye viti. Kama unaogopa unyevu, weka kopo la mkaa mkavu chini ya kiti.

Mwisho, kabla hujazima: sogeza kitufe cha hewa kwenye alama ya hewa kuzunguka ndani. Hilo linafunga kibati kinachoingiza hewa ya nje, ambacho ni mlango wa mbele wa panya.

## Hatua ya 7: Mfungie panya milango

Mavuno yakiisha, Mei na Juni, mashamba yanabaki wazi na panya wanahamia majumbani. Boneti la gari lisilotembea lina giza, lina joto, lina sponji ya kutengenezea kiota. Wanatafuna waya kwa sababu meno yao hayaachi kukua, lazima wayasage kwenye kitu.

Fungua boksi la eya klina. Mdomo unaoingiza hewa uzibe kwa wavu wa waya uliokunjwa vizuri. Stilwaya tupu usiiweke hapa, nyuzi zake zikikatika zinaweza kuingia kwenye injini. Kwenye bomba la moshi, sukuma bonge la stilwaya, lifunge kwa waya, na uache kipande kirefu kikining'inia nje ili lisisahaulike. Kila ulichoziba, kiandike kwenye kadi na uifunge kadi hiyo kwenye usukani kwa kamba nyekundu. Mimi huandika kwa herufi kubwa: BOMBA LA MOSHI, EYA KLINA, HENDIBREKI, BETRI.

Mitego iwe nje ya gari, kando ya kuta, kwa sababu panya hutembea akigusa ukuta. Siagi ya karanga inavuta kuliko dagaa, na haina harufu mbaya. Sumu siishauri. Panya akila sumu anakwenda kufia anakopajua, na anakopajua ni ndani ya dashibodi yako. Harufu hiyo huwezi kuitoa bila kushusha dashibodi nzima. Pia paka wa jirani akimla naye anakufa, halafu una kesi mtaani.

Naftalini, vile vidonge vyeupe vya kabatini, watu huviweka chini ya boneti. Vinasaidia kidogo mwanzoni, kisha vinayeyuka. Ndani ya gari usiweke, harufu yake inakaa viti miaka. Mkaguzi mzuri wa yote hayo ni paka mwenye njaa kiasi.

Kabla ya kufunga boneti, piga picha za injini kwa simu. Ukirudi utalinganisha waya kwa waya.

## Hatua ya 8: Toa betri

Gari lililozimwa bado linakunywa umeme: alamu, saa, kompyuta, kifaa cha kufuatilia gari. Tuseme ni miliampea 50 tu. Kwa siku ni ampea-saa 1.2. Betri ndogo ya ampea-saa 35 itakuwa imekauka ndani ya mwezi mmoja. Na betri ya risasi ikikaa bila chaji, salfeti inaganda kwenye sahani zake ikawa ngumu; ukiichaji baada ya miezi inakubali kidogo, kesho yake imekufa tena. Ndiyo maana fundi anakwambia "betri imelala, haiamki".

Kabla hujagusa spana, jibu maswali matatu.

Una ufunguo wa chuma? Gari la kubonyeza rimoti halifunguki betri ikitoka. Ndani ya rimoti nyingi kuna kifunguo kidogo. Kijaribu kwenye kitasa leo, maana vitasa ambavyo havijatumika tangu gari litoke Japani huwa vigumu.

Redio yako itakubali kurudi? Redio nyingi za magari yaliyotoka Japani, umeme ukikatika, zinajifunga na kudai namba au kadi ya ramani ambayo huna. Uliza fundi wa redio kwanza, au ukubali kukaa kimya.

Betri iko wapi? Kwenye Prius nyingi, kwa mfano, betri ndogo ipo nyuma. Ukifunga buti la umeme na betri imechomolewa, umejifungia nje. Na kwa haibridi zote, usiguse nyaya za rangi ya chungwa. Acha betri kubwa ikiwa na chaji ya wastani, na kama safari inazidi miezi miwili au mitatu, fuata kitabu cha gari: hapa ndipo mtu anayeliendesha kila baada ya wiki mbili anakuwa bora kuliko kulilaza.

Kisha: fungua hasi kwanza, chanya baadaye. Sababu ni kwamba bodi nzima ya gari imeunganishwa na hasi. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, inapiga cheche na inaweza kukuunguza. Kurudisha ni kinyume: chanya kwanza, hasi mwisho.

Safisha ule unga mweupe wa terminali kwa maji ya moto na magadi. Ichaji ijae, iache saa kadhaa, ipime kwa multimita: volti 12.6 au zaidi imejaa, 12.4 ni robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo. Iweke chumba chenye ubaridi kuliko vingine, watoto wasipofika. Joto likipanda nyuzi 10, betri hujimaliza yenyewe kama mara mbili zaidi, kwa hiyo chini ya bati la bandani si mahali pake. Wazee watakukataza kuiweka juu ya saruji. Hilo lilikuwa la betri za zamani. Boksi la plastiki halijali.

Wakati wa kuchaji fungua dirisha na usiwashe kiberiti karibu. Betri inatoa haidrojeni, nayo inalipuka.

Kama gari lina kifaa cha kufuatilia kwa sababu ya mkopo au bima, wapigie wahusika kabla ya kuchomoa.

## Hatua ya 9: Funika

Bandani, mashuka mawili ya pamba yanatosha. Turubai la nailoni ni kosa: linafungia mvuke chini yake, na upepo ukilipiga, vumbi lililonaswa linakuwa msasa juu ya rangi. Nje ya banda tumia kava linalopitisha hewa, lifungwe kwa kamba chini ya gari lisipepee hata kidogo. Kioo cha mbele kikinge kwa kadibodi kwa ndani, jua la Oktoba hupasua dashibodi.

## Hatua ya 10: Makaratasi, na karatasi ya anayebaki

Ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilifutwa mwaka 2017, kwa hiyo gari lililolala halikulimbikizii deni hilo. Faini za barabarani lipa kabla hujaondoka. Bima kubwa usiiache ife kwa sababu gari halitembei. Moto na wizi havingoji gari liwe barabarani.

Anayebaki mwachie karatasi fupi, siyo maelezo ya mdomo getini. Kila wiki mbili atazame mitego, atazame chini ya gari kama kuna matone, afungue boneti amulike kwa tochi. Kila mwezi apime upepo. Kila miezi miwili achaji betri. Neno la mwisho lipigie mstari: USIWASHE. Funguo nyingine ondoka nayo, si kwa kutomwamini shemeji, ila Jumapili ina vishawishi vyake.

## Hatua ya 11: Kuliamsha

Usiende na betri mkononi. Nenda na kadi ya usukani na zile picha za simu. Toa stilwaya na wavu, tazama kiota, waya zilizotafunwa, mabomba ya mpira yaliyong'atwa. Pima oili, kulanti, mafuta ya breki. Nusa tangi. Rudisha upepo kwenye kiwango cha kawaida.

Rudisha betri. Kisha chomoa fyuzi ya mfumo wa mafuta (kwenye Toyota nyingi imeandikwa EFI) na uzungushe stata sekunde tano, pumzika, tano tena. Injini inazunguka bila kuwaka, oili inapanda juu kabla ya kazi kuanza. Rudisha fyuzi, fungua geti la banda wazi kabisa, washa. Usikanyage mafuta. Taa ya oili izime ndani ya sekunde chache. Isipozima, zima gari.

Sauti kupanda na kushuka kidogo kwa dakika chache ni kawaida, kompyuta inajifunza upya. Vioo vya umeme huenda vikahitaji kufundishwa kupanda. Pima betri gari likiwa linaunguruma: kati ya volti 13.8 na 14.5 ina maana alteneta inachaji.

Sogea mbele polepole. Tairi likigoma, usilazimishe kwa mafuta mengi. Rudi nyuma kidogo, mbele kidogo, mpaka usikie "tak". Mkwaruzo wa kutu kwenye breki mara kumi za kwanza ni halali.

Halafu litoe safari ya kweli, kama kwenda Chamwino na kurudi. Mdundo wa matairi unapaswa kutoweka yakipata moto. Ukifika nyumbani, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Moja ikiwa ya moto kuliko tatu nyingine, breki ya hapo bado imeshika, na gari lisiende Morogoro kabla fundi hajafungua tairi hilo.